Wachimba mashimo wa nchi za baridi: wanaharibu ardhi au wanaitengeneza? Na fuko wa huku Dodoma je?

Mwl_Nzuguni

Wakuu, salaam. Naandaa mada ya ikolojia kwa kidato cha sita kuhusu wanyama wadogo wanaochimba mashimo kwenye maeneo ya baridi kali. Nimekusanya kauli tatu na naona zinagongana. Ya kwanza: kindi wa ardhini wa Siberia na Alaska wanasaidia kuyeyusha ardhi iliyoganda na kuachia kaboni. Ya pili: pika wa nyanda za juu za Tibet wanamaliza malisho, wapewe sumu. Ya tatu: lemingi (wagugunaji wadogo kama panya) wakiondolewa Alaska, udongo ndio unaanza kupoteza kaboni.

Je, zote zinaweza kuwa kweli kwa pamoja? Naomba utaratibu wenyewe unavyofanya kazi, si hitimisho tu. Pia klabu ya mazingira inataka jaribio la uwanjani kwenye mashimo ya huku kwetu kabla mvua hazijaanza. Tuna vipimajoto 6 vya kioo, makopo, rula na simu za kupimia muda.

Udongo_Mwekundu

Mwalimu, zinaweza, kwa sababu hazimzungumzii mnyama mmoja wala udongo mmoja. Anza na udongo, mnyama atafuata.

Ardhi iliyoganda daima ni ile iliyokaa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi au chini yake kwa angalau miaka miwili mfululizo. Juu yake kuna tabaka linaloyeyuka kila majira ya joto na kuganda tena, mara nyingi la sentimita 30 hadi mita moja hivi. Humo ndimo mnyama anamochimba. Akigota kwenye barafu, kucha zinagoma. Chini kuna mabaki ya mimea ya maelfu ya miaka. Kwa eneo lote la kaskazini yanakadiriwa kuwa na kaboni tani bilioni 1,460 hadi 1,600, karibu mara mbili ya iliyomo hewani. Hayaozi kwa sababu yameganda, kama nyama kwenye friji. Umeme ukikatika mnajua kinachofuata.

Mlango wa friji hiyo ni zulia la kuvumwani na mboji lililo juu. Wanafunzi wako wapewe namba tatu za upitishaji joto (wati kwa mita kwa nyuzi): hewa tuli 0.025, maji 0.6, barafu 2.2. Majira ya joto zulia hilo hukauka, linajaa hewa, na joto la jua linashuka kwa shida. Majira ya baridi linakuwa limelowa na kuganda, linapitisha joto kirahisi, hivyo ardhi inapoa. Yaani linazuia joto lisiingie lakini halizuii sana lisitoke. Ukilitoboa au kulifukia, umeharibu mpangilio huo.

Kindi wa ardhini wa huko analitoboa. Udongo anaoutupa nje unafunika uoto, unabaki mtupu, mweusi, mkavu, na unafyonza jua. Tundu lenyewe linaingiza hewa ya vuguvugu na maji ya mvua, na maji yanabeba joto kushuka nalo. Udongo uliovurugwa unapata oksijeni, bakteria wanachangamka. Juu ya hayo kuna mkojo na kinyesi: tundra (nchi ya baridi isiyo na miti) ina njaa ya naitrojeni, na hapo mlangoni pa shimo ndipo inapomwagwa. Vipimo vya bonde la mto Kolyma, Siberia, vilivyowasilishwa kwenye mkutano wa wanasayansi San Francisco Desemba 2014 vilionyesha hayo mawili: udongo wa mashimoni una joto zaidi na naitrojeni zaidi kuliko wa jirani.

Lakini usiwaambie wanafunzi kwamba kila shimo ni hasara. Shimo lililo wazi majira ya baridi linaweza pia kuingiza baridi, kwa hiyo kipimo cha Julai peke yake hakitoshi kutoa hukumu ya mwaka mzima. Naitrojeni inaozesha mboji, ndiyo, lakini pia inakuza nyasi zinazovuta kaboni. Na kindi huyohuyo huzika vitu: mwaka 2012 watafiti wa Urusi walitangaza kwamba wameotesha mmea wa *Silene stenophylla* kutoka kwenye tishu za matunda yaliyokutwa kwenye ghala la kindi, mita 38 chini ya ardhi karibu na Kolyma, ya umri wa miaka kama 32,000. Ghala lilichimbwa hadi karibu na barafu, likafunikwa, likaganda. Hiyo ni kaboni iliyowekwa akiba na mchimbaji.

Mkondoa_Asili

Naingia kwenye ya pili. Kwanza, pika si panya na wala hapiki kitu. Ni wa ukoo wa sungura, ana gramu 150 hivi, hana mkia unaoonekana. Ukimwandika kwenye kundi la wagugunaji, mkaguzi atakukamata.

Wanaweza kufika 300 kwa hekta, na kampeni za kuwatilia sumu, hasa fosfidi ya zinki, zilianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Hoja ilikuwa nyepesi: palipo na pika wengi nyasi hakuna, basi pika ndiye mwizi. Mpangilio halisi mara nyingi ni kinyume chake. Pika anategemea macho kumwona adui mapema, kwa hiyo anapenda nyasi fupi na hukwepa ndefu. Yaki (ng'ombe wa huko wenye manyoya marefu) na kondoo wakizidi, nyasi zinakuwa fupi, pika wanaongezeka. Mfugaji anakuja kuona vyote viwili pamoja, anamlaumu yule aliyefika wa mwisho.

Sumu imeshindwa kwa sababu za kihesabu kabisa. Pika jike huzaa zaidi ya mara moja kwa msimu, waliobaki wanajaza nafasi haraka. Mbweha, vicheche na ndege walao nyama wanaowategemea huzaa polepole, wao ndio wanaoisha kwanza, na pika wakirudi wanakuta hakuna askari. Ndege wanaotaga ndani ya mashimo ya pika nao wanakosa nyumba, maana shimo lisilokarabatiwa huporomoka.

Halafu maji. Utafiti uliochapishwa 2015 ulipima upenyaji wa maji kwenye nyanda hizo, ukakuta palipo na mashimo hai ya pika maji yanazama haraka kuliko palipotiwa sumu. Si jambo dogo, kwa sababu Mto Manjano, Yangtze na Mekong inaanzia huko juu. Maji yasipozama yanakimbia juu na kuondoka na udongo.

Watu wa hapa wanaielewa habari hii bila ramani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo la Kondoa lililokuwa limebaki makorongo. Uoto ulirudi. (Nani alibeba gharama ya kuondoa ng'ombe ni mjadala mwingine, na si mfupi.) Mtu aliyekuwa akitafuta mkosaji kwenye yale makorongo angeweza kukuta mashimo mengi ya panya pia, na yasingemweleza chochote kuhusu chanzo.

Nikiri upande wa pili: pika wakiwa wengi mno, madoa ya udongo mtupu ni ya kweli na hupanuka kwa upepo na barafu. Wakati huo ni hasara. Ila tiba ni kupunguza mifugo nyasi zirefuke, si gunia la sumu.

Kaskazini_Baridi

Lemingi: tofauti na kindi, yeye halali usingizi wa majira ya baridi. Anaishi chini ya theluji, kwenye nafasi ndogo kati ya theluji na ardhi, na huzaa humo humo. Hewa ya juu ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, pale chini ya theluji nene panaweza kuwa nyuzi chache tu chini ya sifuri. Anakula nyasi na kuvumwani, anakata zaidi ya anavyokula, na mbolea yake inayeyuka na theluji.

Kauli yako ya tatu inatoka karibu na Utqiaġvik, Alaska. Kuna viwanja vilivyozungushiwa uzio lemingi wasiingie kwa zaidi ya miaka 50. Vipimo vilivyochapishwa 2017 vilionyesha kwamba katikati ya msimu wa kuota, nje ya uzio tundra inavuta kaboni kuliko inavyotoa, na ndani ya uzio imegeuka, inatoa kuliko inavyovuta. Bila wa kukata na kurutubisha, mimea inajaa mabaki makavu na kuvumwani, na nyasi changa zenye kufanya kazi zinapungua.

Linalomtisha lemingi ni theluji mbovu. Mvua ikinyesha juu ya theluji, au ikayeyuka kisha ikaganda tena, sakafu inakuwa barafu na chakula kinafungiwa. Norway, eneo la Finse, mizunguko ya lemingi kuongezeka na kupungua kila miaka michache ilikatika baada ya 1994. Kaskazini mashariki mwa Greenland ilikatika karibu na mwaka 2000, na bundi wa theluji wakaporomoka nao.

Bahi_Shambani

Kwa hiyo wataalamu mnasema fuko waachwe? Muhogo na viazi vinaliwa chini kwa chini, mtu anavuta shina linakuja peke yake.

Udongo_Mwekundu

@Bahi_Shambani hakuna aliyesema hivyo, ndugu. Shamba la muhogo lina mwenyewe na fuko anakula mtaji wake. Mtego ndani ya njia unahalalika. Tunachojadili ni nini mchimbaji anaufanyia udongo, na mwenye shamba anaweza kupata hasara ya zao hata kama udongo umefaidika.

Na mwalimu, angalia ulinganisho. Fuko wetu hafanani na kindi wa Siberia. Kindi ana tundu lililo wazi. Fuko anaziba njia zake zote, hewa na maji ya juu hayaingii ovyo. Wa kumfananisha naye ni zokori wa Tibet, anayekaa chini, anakula mizizi na kusukuma vifusi nje. Au njoo karibu zaidi: Ethiopia, nyanda za Sanetti kwenye milima ya Bale, mita kama 4,000, kuna fuko mkubwa anayekaribia kilo moja, ndiye chakula kikuu cha mbwamwitu wa Ethiopia, na usiku huko ardhi inaganda. Ukitaka Mtanzania, mwaka 2017 fuko wa mlima Hanang, hapo kaskazini mashariki mwa Singida, alitambuliwa kuwa spishi yake mwenyewe, *Fukomys hanangensis*.

Kilicho haba ndicho kinachoamua shimo litafanya nini. Kule joto na naitrojeni ni haba, shimo linaongeza vyote viwili. Dodoma joto tunalo la kugawa, haba ni maji. Kwa hiyo jaribio lenu lielemee upenyaji wa maji. Joto mpime kwa kujifunza tu.

Pima_Kwanza

Hapo ndipo pangu. Mwalimu, andika hii.

Maji kwanza. Chukua makopo mawili ya rangi yenye kipenyo kinacholingana, kata kitako, mdomo uwe mkali. Kwa kipenyo cha sentimita 20, mililita 314 ni sawa na mvua ya milimita 10. Kikiwa sentimita 15, ni mililita 177. Kama ni tofauti, kokotoa eneo, usikisie. Weka ubao juu ya kopo, gonga kwa nyundo lizame sentimita 5 kwa wima. Usilitikise kulia na kushoto, maana unafungua ufa pembeni na maji yatashukia huko. Shindilia udongo kwa kidole nje ya ukingo. Tandika kipande cha nailoni ndani, mimina maji ya milimita 20 (mililita 628 kwa kopo la 20), kisha ivute nailoni taratibu. Ukimimina moja kwa moja unavuruga uso, tope linaziba vitundu, na namba yako inakuwa ya uongo.

Mmiminiko huo wa kwanza ni wa kulowesha tu. Yakizama yote, mimina mengine kiasi hichohicho na hapo ndipo uanze saa. Dakika 12 kwa milimita 20 ni milimita 100 kwa saa. Jozi kumi zitakunywa lita 25 hivi, kwa hiyo beba madumu mawili ya lita 20.

Wapi? Kopo moja juu ya kifusi cha zamani cha fuko, jingine hatua tano pembeni, mteremko uleule, kivuli kilekile. Upande wa kwenda usiuchague kwa macho, jicho hupendelea. Tumia mshale wa sekunde wa saa, unapoelekea ndipo uende. Maji yakitoweka ghafla, umekaa juu ya njia. Andika "yametoroka", usiyaingize kwenye wastani. Na badala ya wastani tumia namba ya kati (ya katikati zikipangwa kwa ukubwa), maana kopo moja lililovuja litakuvurugia yote.

Tarajieni tofauti kubwa kwenye udongo mwekundu wa kichanga, kwa sababu mvua ya kwanza huuacha na gamba gumu juu na kifusi kimelivunja gamba hilo. Lakini kifusi kibichi, kilaini, kisicho na mzizi hata mmoja, huporomoka kwa mvua kubwa ya kwanza na kujiziba chenyewe. Ndiyo maana nimesema cha zamani. Mkiweza pimeni vyote viwili.

Joto sasa. Chovya vipimajoto vyote sita kwenye ndoo moja ya maji kwa dakika 10, andika kila kimoja kinasoma nini. Tofauti ya nyuzi moja kati ya vya kioo ni kawaida, mtairekebisha baadaye. Paka nta ya mshumaa nene kwenye balbu, ili ukikichomoa kusoma namba isiruke. Toboa tundu kwa msumari mrefu kwanza (usisukume kioo ndani ya ardhi ya Dodoma, utabaki na vipande), ingiza, rudishia udongo, subiri nusu saa. Kina kiwe sentimita 10. Kwa udongo mkavu, mawimbi ya joto la mchana hubaki theluthi moja na kidogo kwenye sentimita 10, na asilimia 5 hivi kwenye 30. Tena yanachelewa: kilele cha juu ni saa 7 mchana, kwenye sentimita 10 kinafika karibu saa 11 jioni, kwenye 20 kinafika usiku. Wengi hupima saa 8 kwenye sentimita 20, wanakuta "hakuna tofauti", wanaandika hitimisho. Someni kila baada ya saa tatu, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni.

Usalama. Hakuna mkono ndani ya tundu. Mashimo ya huku yana nyoka, viroboto na papasi, na homa ya papasi si ngeni Dodoma. Viatu vya kufunika, suruali ndani ya soksi, msikae chini karibu na matundu. Mkikuta panya wamekufa kadhaa bila sababu, acheni kila kitu na mwiteni bwana afya.

Mwl_Nzuguni

Shukrani. Mawili yamebaki. Tutajuaje njia ya fuko bado ina mwenyewe? Na je, mwanafunzi akisema "fuko amechagua udongo laini tangu mwanzo, si yeye aliyeulainisha", namjibuje?

Pima_Kwanza

La kwanza: fungua njia kwa jembe, upana wa kiganja, acha usiku mmoja. Asubuhi ukikuta imezibwa kwa udongo mbichi, yupo. Kwa wenye matundu wazi hufanywa kinyume: wapimaji wa pika huziba matundu yote ya kiwanja kwa udongo, kisha wanahesabu yaliyofunguliwa baada ya siku moja hadi tatu. Idadi ya matundu yenyewe haikuambii idadi ya wanyama, mnyama mmoja ana milango mingi.

La pili, huyo mwanafunzi mpe alama zote. Jaribio la jozi haliwezi kumjibu. Linaonyesha tofauti ipo, halionyeshi nani kaileta.

Kaskazini_Baridi

Anayemjibu ni yule anayemweka au kumwondoa mnyama kwa makusudi. Uzio wa Utqiaġvik ni kumwondoa. Wa kumweka ni mlima St. Helens, Marekani: ulilipuka tarehe 18 Mei 1980, ukafunika kila kitu kwa majivu na mawe mepesi ya povu. Mwaka 1983 watafiti walipeleka gofa, mchimbaji wa huko asiyelala majira ya baridi, kwenye vipande vilivyokuwa na mimea kama kumi na miwili tu. Waliwaacha siku moja. Gofa walipandisha juu udongo wa zamani wenye kuvu wa mizizi, na baada ya miaka sita vipande hivyo vilikuwa na mimea zaidi ya 40,000, huku jirani pakiwa bado patupu. Hapo huwezi kusema mnyama alichagua mahali pazuri, aliwekwa.

Mkondoa_Asili

Kwa klabu, njia rahisi ni kifusi bandia. Pembeni ya kila jozi ongeza alama ya tatu: vunja gamba kwa jembe dogo, chimbua sentimita 20, rundika kama kifusi cha fuko, acha mvua mbili zipite, ndipo upime. Kikikaribiana na cha fuko, basi kuchimba ndiko kumefanya kazi. Kikibaki sawa na udongo wa pembeni, mwanafunzi wako ana hoja. Itabidi msogeze sehemu hiyo hadi Januari, na makopo yazamishwe siku mbili baada ya mvua, si siku ileile.

Na msipime kwenye udongo mweusi wa mbuga kabla ya mvua. Ukiwa mkavu umepasuka, maji yote yanaingia kwenye nyufa na kopo lisilo na fuko litamshinda lenye fuko.